Dada, Inuka

Ofisi nzima ilimwita Bi Mvua, na wale wa ghorofa ya chini hawakukosa kumpigia simu asubuhi: "Bi Mvua, leo nifue au niache?" Kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kulijibu swali hilo. Kazi yake ilikuwa kusema mvua iliyonyesha jana, milimita ngapi na kituo gani. Ya kesho aliwaachia wanaopenda kubahatisha.

Meza yake ilikuwa ya dirishani. Iliyotazamana nayo ilikuwa ya Kaka Pole, na jina hilo alilipata kihalali. Alimpa pole aliyefiwa, aliyejikwaa na aliyepoteza kalamu, hata kompyuta ikiganda aliigusa ubavuni na kuiambia, "Pole, mama, pumua kwanza." Aliandika kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kilifikiri kabla ya kushuka. Walianza kazi mwaka mmoja, enzi za kadi za vipimo zilizoletwa kwa posta, nazo katika msimu wa mvua zilifika zimelowa chapachapa. Walizianika juu ya kabati, wakazisoma zikikauka, wakabishana kama ile ni saba au moja.

Kadi zilipoondoka zikaja kompyuta, wote wawili wameshavuka hamsini. Wenzao waliomba uhamisho. Hawa wakajikaza kisabuni, wakajifunza kuandika programu kwenye lile daftari la skrini, ambalo unaandika amri ndani ya kisanduku, unabonyeza, na jibu linatokea chini yake. Shida ilikuwa vituo. Vilituma vipimo kwa kujivuta, na daftari likishasubiri kituo kimoja halikupokea amri nyingine yoyote. Bi Mvua alikaa ameshika tama, nusu ya asubuhi inapita hivi hivi. Dawa aliigundua Kaka Pole.

"Dada, hii kazi tuiweke nyuma," alisema. "Ukibandika maharage jikoni, si unaendelea kufagia sebuleni? Yanachemka yenyewe."

Wakaibandika. Kisanduku kilimaliza papo hapo, daftari likawa huru, na huko nyuma ya pazia kazi ikaendelea kuvisubiri vituo bila kumsumbua mtu. Siku hiyo Kaka Pole alitembea kifua mbele, akamsimulia hata mlinzi wa getini, ambaye alimpa hongera ili mradi apite.

Kiangazi kilipoanza ndipo vituko vikaja. Bi Mvua alikuwa akijumlisha mvua ya vituo vya milimani, na chini ya jedwali, baada ya tarakimu ya mwisho, yakatokea maneno: "Dada, inuka. Mgongo hauna kipuri."

Alikagua amri yake herufi kwa herufi. Hakukuwa na mgongo ndani yake. Saa moja baadaye, chini ya kisanduku kingine kabisa: "Dada, inuka. Kiti nacho kinataka kupumua." Siku tatu alihangaika akiamini mashine imeingia wazimu, na Kaka Pole akampa pole zote tatu. Siku ya nne uvumilivu ulimwishia Kaka Pole. Alicheka mpaka miwani ikadondoka, na siri ikawa hadharani: alimvizia Dada ametoka, akabandika kazi ya pili nyuma. Kila saa ilipofika na nusu, ilitupa neno chini ya kisanduku chochote kilichotumika mwisho. Kisha akakifuta kile kisanduku alichoandikia, asiache nyayo.

"Kukifuta hakuizuii," alieleza kwa madaha. "Hiyo imeshaondoka. Labda daftari lote lizimwe."

"Basi nalizima sasa hivi."

"Dada, mgongo wako nauona kutoka hapa. Inuka kwanza, tugombane ukiwa wima."

Akainuka. Tangu hapo waliishi na maneno hayo. Mara moja yalipenya mpaka ndani ya taarifa ya mwezi, na mkurugenzi akapiga simu kuuliza "chai haiji yenyewe" ni kituo kipya au ni kipimo. Kaka Pole aliipokea simu hiyo, akampa pole mkurugenzi.

Mvua za msimu uliofuata hakuziona. Aliugua siku tisa tu. Bi Mvua alizika, akarudi kazini Jumatatu, akafungua jedwali la kwanza, na saa mbili na nusu ikafika: "Dada, inuka. Chai haiji yenyewe." Alilia kwa sauti, mlango uko wazi, wala hakujali nani anapita.

Ilikuwa miezi minane sasa, na daftari halijawahi kuzimwa. Mtu yeyote mwenye akili zake, daftari likielemewa, angelizima na kuliwasha upya. Yeye alifuta majedwali ya zamani moja moja, kwa mkono, ili nafasi ipatikane bila kuigusa ile kazi ya nyuma. Na saa kumi kamili alifunga mkoba akaondoka. Zamani, mvua zikikolea, yeye na Kaka Pole walibaki mpaka giza linaingia, wakigombea milimita moja ya kituo cha bondeni. Mvua za mwaka huu alizimaliza peke yake, na nyumbani aliwahi kila siku. Kukaa kugombana na nani?

Ijumaa ya kuhamia jengo jipya, fundi wa kompyuta aliingia na mkasi wake wa nyaya. Alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wa Bi Mvua.

"Shikamoo, Mama. Imebaki hii yako tu."

"Marahaba. Haiwezi kuhama huku inawaka?"

"Mama! Ni ya kuchomoa, hii."

Bi Mvua alimweleza yote, macho yakiwa dirishani, akijiandaa kuchekwa. Binti hakucheka. Alivuta kiti.

"Kisanduku kilifutwa, sawa. Lakini daftari likiwa bado hai, linakumbuka kila amri uliyowahi kuibonyeza. Tunaweza kuyafukua maneno yake."

Macho yalimtoka pima Bi Mvua. Miezi minane ya kufuta majedwali moja moja, na jambo lenyewe lilikuwa hilo! Binti aliandika amri fupi, na mistari ya Kaka Pole ikapanda kwenye skrini: maneno tisa ya kumwinua Dada, yote akiyajua kwa moyo. Binti akayahifadhi kwenye faili, kisha akasogea karibu.

"Lipo la kumi. Hili limewekewa sharti, linatoka saa kumi na moja na nusu jioni peke yake, tena mpaka uwe umebonyeza amri muda huo huo. Nadhani aliliandaa kwa zile siku zenu za kuchelewa. Linasema—"

Kiganja cha Bi Mvua kilishatua kwenye skrini.

"Usinisomee, mwanangu. Ngoja aniambie mwenyewe."

Wapagazi waliibeba meza ya Kaka Pole, wakaacha miraba minne ya vumbi sakafuni. Saa kumi ilifika, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Bi Mvua hakufunga mkoba. Alimsimulia binti habari za kadi zilizolowa, na ya ile saba iliyokuwa moja, wakacheka sana. Wapagazi walipiga honi chini. Binti akachungulia dirishani akawaambia wakale. Ilipokaribia saa yenyewe, Bi Mvua alijumlisha mvua yote ya mwaka, vituo vyote, ili maneno yapate mahali pa kutua. Jumla ikatoka. Akaiangalia saa ya ukutani, mikono mapajani.

Yakatokea.

"Dada, bado upo? Mvua ya leo imeshanyesha, haiongezeki kwa kukodolewa macho. Zima, twende nyumbani."

Binti aligeuka, akajifanya anakunja waya.

"Haya, Kaka," alisema Bi Mvua. Akainuka kwanza, akanyoosha mgongo, kisha akazima.