Herufi za Ombasa

Miaka ile ya sitini na kitu, mtu wa Keroka alilijua lori lililoandikwa na Ombasa hata likiwa mbali. Herufi zake zilikuwa nene, zimeinama kama mtu anayepanda mlima, na kila moja ilikuwa na viguu vidogo vya kukanyagia.

Lori lake la kwanza lilikuwa la Warsame, mfanyabiashara wa ngozi. Ombasa aliandika SUBIRA ubavu wa kulia, watu wakamsifu. Akaandika vilevile ubavu wa kushoto. Warsame alipozunguka, akanuna.

“We fundi! Kule zinakwenda mbele, huku zinarudi nyuma! Lori litapandaje mlima?”

“Mzee, herufi huinama kulia. Ndivyo tulivyofundishwa misheni.”

“Basi nenda ukaandike lori la misheni!”

Wapiga domo wa stendi wakaangua kicheko. Kazi hii ikiharibika, nani tena angempa gari? Ombasa akafuta kwa mafuta ya taa, akaziinamisha kushoto, zielekee kichwa cha lori. Mkono ulimgomea, lakini zikakaa.

“Sasa linakwenda!” akasema Warsame.

Wazee wa Keroka hukwambia mpaka leo kwamba malori ya siku zile yalikwenda hata yakiwa yameegeshwa.