Kila Mtoto na Neno Lake

Kiingereza kina kanuni ambazo mimi mwenyewe siziamini. Wanasema herufi i hutangulia e, isipokuwa baada ya c. Halafu unakutana na seize, height, weird, na hakuna anayejali. Chuo kikuu niliuliza "kwa nini" mpaka wenzangu wakachoka nami. Kwa hiyo, nilipopewa darasa la saba huku Masisi, milimani kwenye vita, nilikataa kuwakaririsha watoto. Kila mmoja nilimpa neno moja lililovunja kanuni, awe mlinzi wake: alijue, alitetee, aulize limetoka wapi. Daftarini niliandika jina la mtoto, kijiji chake na neno lake, herufi zenye utata nikazizungushia wino mwekundu.

Nililipenda daftari lile mpaka Ijumaa moja, nikishuka mjini Sake kwa pikipiki, tuliposimamishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha wenye silaha. Kijana mwenye bunduki, pengine rika langu, alilitoa kwenye begi langu akalisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Hii iko listi ya nani?"

"Ya wanafunzi, shefu. Niko mwalimu."

"Wanafunzi." Akaligeuza upande. "Sasa juu ya nini kila muntu iko na alama yake? Na hii nyekundu?"

Nilianza kueleza. Nilivyozidi kueleza, ndivyo nilivyozidi kujisikia kama mwongo. Kanuni ambayo maneno hayaifuati? Ningekuwa yeye, nisingeamini. Kabla sijamaliza kuhofia nafsi yangu likanijia jambo baya zaidi: majina yale na vijiji vile nilikuwa nimeviandika mimi, kwa mwandiko mzuri, ili mtu yeyote aweze kuvisoma.

Mama mmoja alikuwa ameketi kando na ndoo yake ya jibini, akingoja kupekuliwa. Akasema bila kuinuka, "Wa tisa njo mutoto yangu, aliniambiaka namba yake. Neno yake iko seize. Esi, ii, ai, zedi, ii. Anaimbaka hiyo akikamua, mupaka ng'ombe nayo inajua."

Kidole kilishuka hadi mstari wa tisa, kikasimama.

"Basi tuulize ng'ombe," mwenzake akasema, akacheka.

Yule kijana hakucheka. Alichana ukurasa, akaukunja mara mbili, akautia mfuko wa kifuani. Daftari akanirudishia.

"Muende."

Tulipovuka, mama alinisogelea. Nilitaka kumshukuru. Akaniwahi.

"Mwalimu, jina ya mutoto yangu imebakia kule."

Alijitwika ndoo yake akaenda.

Jumatatu nilihesabu vichwa kabla ya kuitikia salamu. Walikuwapo wote. Nilijaza ubao kwa maneno yale yale, bila jina la mtu, nikawaambia wakariri kwa pamoja. Wakakariri. Kisha binti wa mama yule akainua mkono.

"Mwalimu, neno yangu sasa iko ya watu wote? Kwa nini?"

Ni mimi niliyewafundisha kuuliza hivyo.

"Ni kanuni," nikamjibu.

Nje pikipiki ilipunguza mwendo. Mkono wangu ulibaki ubaoni, chaki imesimama katikati ya neno, mpaka mlio ulipopanda tena na kupotelea mlimani.