Dubu Mweupe na Mikaratusi Yangu

Sijawahi kumwona dubu mweupe, na sitamwona, lakini nilimfundisha kwa kujiamini kama mtu aliyemfuga. Nilimchora kwenye karatasi ya manila nikambandika ukutani, darasa la Gredi ya Tano, shule moja ya huku Gesima. Barafu haikunisumbua kuieleza. Watoto wa wakulima wa chai wanaijua: ndiyo ile ya mvua ya mawe, inayochanachana majani ya chai, mama zao wakakaa wiki na wiki bila cha kuchuma. Nikawaambia wawazie bahari nzima imefunikwa na hiyo. Dubu husimama juu yake kuwinda. Joto likizidi barafu huyeyuka, naye hulazimika kwenda mbali zaidi kutafuta chakula. Wengine hurudi na njaa yao.

Haya yote niliyasema huku msichana mmoja amesimama mlangoni. Nilimsimamisha mimi. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo anachelewa, sketi imelowa upande mmoja, na mimi uchelewaji siupendi. Nilipomuuliza sababu, alisema alikuwa ameenda kuteka maji.

"Kila mtu huteka maji," nikamwambia, na darasa likacheka. Nilipenda walivyocheka.

Habari ya dubu aliisikilizia pale pale mlangoni, mpaka mwisho.

Sasa lazima niseme habari ya miti. Chini ya shamba langu, kando ya chemchemi, marehemu mume wangu alipanda mikaratusi kama wengi walivyopanda huku. Hukua upesi, na viwanda vya chai havikosi kutaka kuni. Miti hiyo ilimsomesha mwanangu. Pia iliinywa ile chemchemi mpaka pakabaki tope, halafu hata tope likakauka. Nyumba zote za bondeni zilikuwa zikiteka hapo. Kabla ya siku ile ya dubu, akina mama wanne walinijia kwa heshima, wakakaa sebuleni kwangu, wakanywa chai, na mama wa yule msichana ndiye aliyezungumza.

"Mwalimu, maji imeisha hapo kwako," akasema. "Hizi miti za blugamu, si unaweza kutoa zile ziko karibu?"

Nikawajibu kwamba si makosa ya mtu, ni tabianchi. Niliwaeleza kirefu: viwanda vya ng'ambo, moshi, joto, hata dubu nilimtaja. Hakuna neno la uongo nililosema siku hiyo. Niliwadanganya kwa ukweli mtupu, na huo ni ujanja wa sisi tuliosoma. Walishukuru kwa chai wakaenda zao.

Basi siku ile ya dubu nikatoa zoezi, na msichana nikamruhusu aketi nyuma aandike. Swali la mwisho lilikuwa: Ni nani wa kulaumiwa? Nilisahihisha wakati wa mapumziko. Wengi waliandika Wazungu, wengine wenye viwanda. Vema, vema, vema. Yeye alikuwa ameandika: "Mwalimu wetu, kwa sababu ya miti yake. Sasa tunaenda mbali kama dubu."

Nikaweka alama ya kosa. Niliiweka kubwa, kwa kalamu nyekundu, nikaibonyeza mpaka karatasi ikatoboka. Pembeni nikaandika: Soma swali vizuri. Kesho yake alipochelewa, nikamsimamisha tena.

Muhula uliofuata hakurudi. Alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake mjini Ogembo, kwenye bomba la maji uani. Hakuna mtoto aliyemfikia kwa akili darasani mwangu, na hilo nilikuwa nalijua hata nilipokuwa nikimwacha mlangoni. Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kuuchukia mwandiko wangu kama ninavyouchukia ule mwekundu.

Miti niliikata likizo iliyofuata. Sitaki sifa kwa hilo. Nilichelewa, na mimi hakuna aliyenisimamisha popote. Tena visiki vya mikaratusi havifi hivi hivi, huchipua. Sisi ni watu wa Sabato, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku yangu ya kushuka na panga kuyafyeka machipukizi, na kila nikishuka naikuta chemchemi shimo kavu limejaa majani.

Hapo ndipo nilipokutana na mama wa yule msichana, anatoka mtoni na mtungi kichwani. Nilimwambia miti imekatwa, maji huenda yakarudi, na nafasi ya binti bado ipo, amrudishe tafadhali. Nilitaka kusema pia anisamehe. Badala yake nikamwonyesha visiki, mwalimu mzima.

Aliviangalia visiki, kisha akaniangalia mimi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Huko amezoea," akasema. "Na usijisumbue, mwalimu. Si makosa ya mtu. Ni tabianchi."

Akauweka mtungi sawa, akaendelea kupanda mlima.