Mwano Ulioitikiwa

Mwasiti binti Akida alifika Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, mwaka 1951 akitokea Tabora, karai la vitumbua kichwani na mwanawe Fikirini mgongoni. Wachimbaji walimtania kwa Kiswahili chake cha kuringa, naye aliwajibu mpaka wakaomba radhi. Mdomo alikuwa nao, lakini hakuwa mtu wa kumwona mwenzake akiumia akapita.

Jirani yake alikuwa Generosa, Msukuma mcheshi, mke wa Donatus wa mgodini. Donatus akilewa alimpiga, na mtaa ulikaa kimya. Ni mambo ya mume na mke, walisema, kana kwamba na mbavu zilizovunjika zilikuwa za wote wawili! Generosa ndiye aliyemfundisha Mwasiti desturi ya mwano: ukivamiwa unapiga yowe, anayesikia anaitikia kwa yowe, na jirani yake vilevile, kisha wote wanakimbilia kwako. Asiyekwenda hutozwa mbuzi. Ila kipigo cha mume hakikupigiwa mwano.

"Wewe piga tu," Mwasiti alimwambia. "Sisi tutakuja."

Akapita nyumba kwa nyumba, akawaapisha wanawake wa mtaa.

Mwaka 1954 ikaja habari kwamba Mageni, manju mashuhuri wa ngoma ya Wagika, amefariki kwa kansa ya titi. Mwanamke aliyejaza viwanja kutoka Segese hadi Ushirombo alikuwa amekwisha, akabaki mifupa. Mtaa mzima uliangua kilio. Mwasiti, ambaye hata nyimbo zenyewe hakuzielewa vizuri, alikaa kizingitini akalia mpaka sauti ikamkauka. Titi kila mwanamke analo, na siku ile kila mmoja alijishika lake kwa hofu.

Donatus alikuwa Mgalu, wa chama cha ngoma kilichoshindana na Wagika. Alirudi akamkuta mkewe anamlilia manju wa Wagika, akaona amedharauliwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akachukua mpini wa sururu.

Generosa alipiga mwano. Wanawake waliusikia, wakadhani ni kilio cha msiba kama vilio vingine, nao wakaitikia kwa sauti kubwa zaidi, kila mmoja mlangoni pake. Hakuna aliyeinuka.

Jioni Mwasiti alimpelekea Generosa uji, akijua siku ya msiba watu hawapiki. Donatus alikwishakimbia. Generosa alikuwa sakafuni, na pumzi yake ilikuwa ikikatika. Mwasiti alimwinua kichwa, akakiweka mapajani.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilidhani unamlilia Mageni."

Laiti angemtukana! Mwasiti alilisema hilo mpaka uzeeni, kwamba tusi angeweza kulibeba. Lakini Generosa, kabla ya kukata roho, alimshika mkono bila kinyongo.

"Niliwasikia mkiitikia, Mama Fikirini," alimwambia. "Nikawa navumilia tu, nikijua mko njiani."