Vita vya Muuza Marashi na Kinamasi

Baba mdogo wangu anauza marashi, na duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba iliyokipa mgongo kinamasi cha maji chumvi. Bahari ikijaa, maji hufika mpaka kwenye nyasi za uani. Ikipwa, hubaki matope meusi yanayonuka yai viza. Mtu mwingine angehama. Yeye alipaka mlango rangi, akapanga vichupa kwenye kabati la kioo, na kumwambia kila mteja aliyekunja pua kwamba hajui vitu vizuri. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Marashi ya Baba mdogo yalikuwa yametembezwa mpaka yamechoka.

Aliyetulisha, nami nikiwa naishi nao, ni mkewe, Mama mdogo. Maji yakipwa alishuka kwenye kijito kinachokatiza kinamasi, akarudi na ndoo ya kamba na kaa, akaiuza kabla jua halijawa kali. Unga, mafuta, masomo ya binti yao, vyote vilitoka kwenye tope lile. Mezani, Baba mdogo alisema "biashara yetu" huku akilitazama kabati.

Kwanza alijaribu ustaarabu: alimimina matopeni chupa nzima ya waridi. Kinamasi kikanuka yai viza lililoalikwa harusini. Hapo akatangaza vita. Angechimba mtaro wa kuyakausha matope, na udongo utakaotoka angeutumia kujenga tuta la kuizuia bahari. Uchafu ukipata hewa, alisema, utakoma wenyewe.

Binti yake, mwalimu wa kemia, alikuja kutusalimia akamkuta uani na jembe, shati limenyunyiziwa marashi kama kawaida.

"Baba, hiyo si taka," alisema. "Maji ya bahari yana salfa. Huko chini hakuna hewa, kwa hiyo kuna vijidudu vinatumia hiyo salfa kupumua, ndiyo vinatoa harufu. Nyingi inanaswa na chuma kilichomo kwenye tope, ndiyo maana ni jeusi. Mizizi ya nyasi nayo inashusha hewa kidogo, salfa inarudi ilivyokuwa, bahari inaichukua tena. Inazunguka tu."

"Basi mimi nataka isimame."

"Ukilikausha, hicho cheusi kikikutana na hewa kinageuka tindikali. Mvua ikinyesha, tindikali hiyo itashuka yote kwenye kijito cha mama."

"Nimekusomesha mimi, leo unanifundisha habari za hewa?"

Mama mdogo, aliyekuwa anachambua kamba, alisema taratibu kwamba aliyemsomesha ni tope. Baba mdogo akakohoa, akaendelea kuchimba. Sikio la kufa halisikii dawa. Nampenda sana mzee huyu, na siku ile nilitamani kumnyang'anya jembe.

Alishinda. Kiangazi kile matope yalikauka yakapasuka, weusi ukayatoka, yakaingia madoa ya njano na ya kutu. Harufu ikaisha. Baba mdogo akawa anapita mtaani amevimba kama mgombea aliyepita bila kupingwa, na majirani waliomcheka wakaanza kumuuliza mtaro unachimbwaje. Wateja nao walikuja. Walinusa chupa moja baada ya nyingine katika hewa safi kabisa, wakashukuru, wakaenda zao. Ikabainika kwamba miaka yote ile kinamasi kilikuwa kinayasitiri marashi.

Kisha mvua ikanyesha. Maji yaliyotoka kwenye mtaro yalikuwa mekundu, na yote yaliingia kijitoni. Mama mdogo alishuka na ndoo, akarudi akaiweka chini mbele ya kabati la kioo. Ndani mlikuwa na kamba waliokufa.

"Kijito kizima," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotutisha.

Wiki zilizofuata alishuka na kurudi ndoo tupu. Sufuria jikoni zikawa nyepesi. Baba mdogo alimpigia binti yake simu, akauliza la kufanya kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani.

"Vunja tuta, bahari irudi," binti alimwambia. "Tope likilowa tena, vile vijidudu vitaanza kazi upya."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui, baba."

"Sasa tutajuaje?"

"Patanuka."

Alilivunja tuta siku ile ile. Tangu hapo, kila asubuhi muuza marashi alikwenda kusimama kwenye pengo, akavuta pumzi na kumwomba Mungu uvundo. Na kila asubuhi alirudi akisema kimeanza, kinanuka kidogo, twende mkanuse.

Siku moja Mama mdogo alikubali. Aliinama, akanusa, akainuka.

"Nakusikia wewe tu," alisema. "Hayo marashi yako yanaziba kila kitu. Nenda kaoge."

Nilikuwa sijawahi kumwona Baba mdogo bila marashi, hata msibani. Alikwenda, akajisugua kwa sabuni ya kufulia, akarudi amejifunga taulo, ananuka mtu tu. Tukainama wote watatu juu ya tope. Tulivuta pumzi, tukavuta tena. Hapakuwa na harufu yoyote.

Baba mdogo alimtazama mkewe, akaanza kulia waziwazi, kwa uchungu.

Mama mdogo alimwacha alie kidogo. Kisha akaliokota jembe, akamkabidhi.

"Panua hapo," alisema. "Maji hayaingii ya kutosha."