Maji Baridi ya Baba

Mimi si mtu wa kutoka. Kutoka kwetu mpaka soko la Voi ni mwendo wa dakika kumi, lakini nikifika getini lazima nikumbuke kitu jikoni. Baba alikuwa akinicheka. "Wewe na tumbawe ni ndugu," aliniambia. "Mdomo upo, miguu hamna."

Matumbawe, wanyama wa baharini wasiobanduka mwambani, aliyajua. Miaka mingi alitunza tangi la kioo la maji ya bahari katika hoteli moja huko Pwani, mpaka hoteli ikafungwa na wenyewe wakamwambia aende nalo. Wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Baba alirudi Voi na bahari ya urefu wa kitanda cha mtoto, pamoja na taa, pampu na matumbawe matatu: moja lenye mikunjo kama ubongo, moja kama vidole, na la tatu laini, lililokuwa likifunguka asubuhi kama ua na kujifunga jioni. Akaliweka sebuleni mahali pa televisheni. Televisheni ikahamia chumbani kwangu, kwa hiyo sikulalamika.

Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kila alfajiri nilimsikia akimimina kitu mle ndani, nikiwa bado kitandani, na sikuwahi kuamka niangalie ni nini. Laiti ningeamka hata mara moja tu.

Kisha presha ikampanda, upande wa kulia ukalala, na maneno yakaenda karibu yote. Aliporudi kutoka hospitali tulimlaza kwenye kochi, akilitazama tangi. Daktari alisema atafutiwe kitu cha kumchangamsha macho. Kitu kilikuwepo tayari. Kazi yangu ikawa moja tu: matumbawe yasife mbele yake.

Mwezi haukuisha kabla hayajaanza kufa.

Lile laini liliacha kufunguka. Lile la vidole likatoa ute, kisha likaanza kupauka kutoka chini kwenda juu, kama soksi inayovuliwa. Nilipata D ya biolojia katika mtihani wa fomu foo, na sasa nikawa daktari. Nikasema ni mwanga umezidi, nikafunika taa kwa leso. Haikusaidia. Nikasema ni joto, maana Voi joto halihitaji ushahidi, nikaelesha chupa za barafu juu ya maji. Haikusaidia. Nikamshtaki kaa mdogo aliyekuwa akiishi chini ya jiwe, nikamtoa kwa kijiko cha ugali na kumfungia kwenye ndoo yake peke yake. Matumbawe yakaendelea kupauka, na kaa akaonekana kunidharau.

Baba alikuwa na kipimo, kisanduku cha plastiki chenye mshale unaotakiwa kukaa kwenye rangi ya kijani. Nilipokijaza maji ya tangi mshale ulipita kijani ukagota juu kabisa. Nikakipiga makofi mawili kama redio. Ukabaki palepale. Nikaamua kimeharibika.

Shangazi, dada yake Baba, aliteremka kutoka Wundanyi kumwona mgonjwa. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu.

"Sasa hii kauliflawa yenu ina shida gani?"

"Inageuka nyeupe, shangazi."

"Kwetu ikigeuka nyeupe imeiva."

Nilicheka. Baba hakucheka. Alikuwa ameinua mkono wake mzima, wa kushoto, na kusema maneno mawili kati ya machache aliyobaki nayo. "Maji badi."

"Anataka maji baridi," nikamweleza shangazi, kwa fahari ya mtu aliyejifunza lugha ngeni. Nikaenda kwenye friji nikamletea glasi. Alinitazama, akanywa kidogo, akageuza uso ukutani.

Ilikuwa hivyo kila siku. Asubuhi maji badi, mchana maji badi. Nilimnunulia glasi yake mwenyewe, nikahakikisha friji haikosi chupa, na stima ikipotea nilikwenda kuomba barafu kwa jirani, mimi nisiyetoka. Siku moja aliisukuma glasi ikaanguka, akalia. Nikapangusa sakafu nikamwambia, "Si kitu, Baba, yako mengine." Nikamletea mengine.

Maji ya bahari tulikuwa tukiletewa na dereva wa lori, kwa mitungi, kutoka kwa mzee mmoja wa Pwani aliyefanya kazi na Baba hotelini. Maji ya tangi yakipungua, niliagiza mengine. Akili yangu iliniambia kwamba bahari ikipungua huongezwa bahari. Siku nilipompigia mzee kuagiza tena, alicheka.

"Maji yote hayo wayapeleka wapi, mwanangu? Wataka kuihamishia bahari Voi?"

"Yanakauka, mzee. Yakipungua naongeza."

"Waongeza yapi?"

"Haya unayonitumia."

"Wajua kupika?"

"Hilo tu ndilo najua."

"Mchuzi ukikauka jikoni, waongeza chumvi?"

"Naongeza maji."

"Basi. Jua lachukua maji, chumvi laiwacha. Nawe wamwaga chumvi juu ya chumvi. Hapo waongeza maji baridi."

"Ya friji?"

Alicheka tena, kwa upole. "Baridi, mwanangu, yaani yasiyo chumvi. Ya mvua, ya mtoni. Sisi huku twayaita hivyo. Na baba yako alivyokaa nasi, akawa ayaita hivyo hivyo."

Sisi hapa Voi maji tunayagawa mafungu mawili tu: yaliyotoka mferejini leo na yasiyotoka. Nilibaki na simu sikioni. Kupitia dirisha la jikoni nililiona pipa la Baba la maji ya mvua. Tangu augue nilikuwa nayafulia nguo, kwa sababu yanatoa povu zuri. Maji aliyokuwa akiyamimina kila alfajiri yalikuwa kwenye kamba, yakikauka na mashuka.

Yalibaki kama ndoo mbili. Mzee alinionya nisiyamwage kwa pupa, niongeze kidogo kidogo kwa siku nyingi, la sivyo nitamalizia kuyaua matumbawe. Nikateka jagi moja, nikapita mbele ya Baba, nikamimina taratibu ili aone.

"Haya ndiyo uliyokuwa ukisema, Baba?"

Alifumba macho, akayafumbua. Nilipiga magoti pale kwenye kochi nikamwomba msamaha. Aliniwekea mkono kichwani, mzito kama mfuko wa unga.

Jioni hiyo akasema, "Maji badi." Nikakimbilia jagi, nikamimina nusu kikombe kwenye tangi. Akatikisa kichwa. Nikaongeza. Akatikisa tena, akanyoosha kidole mdomoni kwake. Safari hii alikuwa na kiu. Nilipomletea glasi, upande wa kushoto wa mdomo wake ulikuwa ukicheka, wa kulia umetulia. Alikunywa yote. Huo ndio uliokuwa utani wetu wa mwisho.

Mshale ulirudi kwenye kijani baada ya wiki mbili, kumbe kipimo kilikuwa kizima, kikipima chumvi. Nikamrudisha kaa kwake. Lakini lile la ubongo na lile la vidole yalikuwa yameshabaki mawe meupe. Lile laini lilifunguka nusu, asubuhi moja, Baba akiwa macho. Halikufunguka tena. Aliendelea kuyatazama mawe, nami nikaendelea kumimina kila alfajiri, kwa sababu alikuwa akinisikiliza nikifanya hivyo.

Alituacha kabla ya mvua. Mzee wa Pwani alikuja matangani, akaketi kwenye kochi lile lile, mbele ya mawe. Nikamwamkia, nikamuuliza nimletee nini.

"Maji tu, mwanangu. Maji bari..." Akakatiza, akaniangalia. "Ya friji. Niletee ya friji."