Kumi na Wawili kwa Mstari

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, kazi yake ni kuhesabu majongoo bahari, wale wanyama wanene wasio na uso wala haraka. Maji yanapokupwa hulaza kamba ya mita hamsini, akahesabu waliolala mita moja kila upande: mchangani, kwenye nyasi za bahari, mwambani. Anaandika na aina zao. Watu wa utafiti walimchagua kwa kuwa naye hana haraka. Hilo ningewaambia mimi. Kupika maharage kwake ni safari.

Kuhesabu kumemwingia mwilini. Msibani anahesabu viti. Kaka alipokwenda kumposa, wifi alimuuliza ana meno mangapi, kaka akakosea.

Mwaka huu likatoka neno: pasipopatikana majongoo kumi kwa kamba moja, patafungwa miaka miwili, asiokote mtu. Mimi naokota majongoo wa kuuza kwenye nyasi, na nilikuwa nimeokota kupita kiasi, sifichi. Nyumba yangu nzima inakula pale. Basi alfajiri ya siku ya hesabu nikabeba ndoo hadi mwambani, nikatoa kumi na wawili chini ya mawe, nikawapanga kwenye nyasi, pale kamba hupita. Niliwapanga vizuri, wifi asipate taabu ya kutafuta.

Akafika. Akamwinamia yule wa kwanza muda wa kuchemsha chai.

"Hawa weusi ni wa mwambani," akasema. "Huku wamefuata nini?"

"Labda wamehama."

"Wote kumi na wawili? Kwa mstari?"

"Wana adabu."

Hakucheka. Akaniletea ndoo yangu mwenyewe, nikawarudisha mmoja mmoja chini ya mawe yao. Mmoja alikuwa ametapika utumbo, kama wafanyavyo wakibughudhiwa. Niliona aibu, na aibu ikanizidishia hasira.

"Wifi, andika kumi tu. Wanangu wanakula hapa."

"Na wangu je? Nikiwa kazini si wanakula kwako?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Akarudi kwenye nyasi, akaipita kamba yote mara mbili, akipekua kwa mikono hadi kwenye mizizi, akitafuta kwelikweli. Akaandika wawili.

Kisha akanipa ncha ya kamba, maana mchangani palikuwa bado hapajahesabiwa, na maji yalishaanza kurudi. Nikaishika.